Anzia stesheni: namna ya kuusoma mji wa Dodoma kwa miguu

Tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016 nimepata majirani wapya watano, na kila mmoja kwa wakati wake ameniuliza swali lile lile: "Mwalimu, hapa zamani si palikuwa pori tu?" Swali hilo huniuma. Baba yangu alikuja mji huu kutoka Tabora kufanya kazi ya reli, mama yangu ni Mgogo wa Hombolo, na mimi nimefundisha watoto wa hapa mpaka nikastaafu. Pori gani hilo tulilokuwa tunaishi?

Zamani nilikuwa nikijibu kwa maneno, tumekaa kibarazani. Siku hizi namwambia jirani avae viatu vya kufunga, tukutane stesheni ya zamani Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ninavyofanya nitakueleza hapa, ili nawe uweze kutembea mwenyewe hata kama humjui mtu mjini.

Kabla ya kutoka

Chagua kipande kidogo. Mgeni akija hutaka Bunge, Chuo Kikuu, Mtumba kwenye Mji wa Serikali na Ikulu ya Chamwino, vyote kwa siku moja, ndani ya gari. Majengo atayaona, lakini historia itampita. (Na Chamwino ziko mbili: kata iliyo hapa mjini, na ile ya wilayani yenye Ikulu, mwendo wa zaidi ya kilomita 30. Nimeona watu wakipotezana kwa sababu hiyo.) Asubuhi moja inatosha stesheni, Uhindini na Majengo. Area C au Chang'ombe ziwekee siku nyingine.

Usiku wa kuamkia safari, fungua Google Earth kwenye kompyuta, tafuta mtaa unaokwenda, kisha rudisha picha nyuma mwaka hadi mwaka. Usitazame nyumba kwanza, tazama njia. Utaona kichochoro kilichokuwa kikikata kiwanja kwa mshazari, kisha nyumba zikaota, kichochoro kikapinda, kikafa. Kariri sehemu moja tu ya namna hiyo, ukaitafute kesho yake kwa miguu. Ukiikuta, macho yatafunguka na zingine utaziona bila kuonyeshwa.

Jua la huku halina mzaha. Ikifika saa nne uwe umeshapita sehemu zisizo na kivuli. Mwezi wa saba na wa nane upepo huinua vumbi, beba kitambaa. Kuanzia Desemba hadi Aprili ndiyo mvua, na ukipata asubuhi ya baada ya mvua shukuru, kwa sababu maji yatakuonyesha mitaro ya zamani ilikuwa inaelekea wapi. Beba maji ya kunywa, daftari, kalamu mbili na pesa ndogo ndogo za chai na karanga. Ukikaa kwenye benchi la mama wa chai ukanunua kikombe, una haki ya kuuliza. Ukisimama tu na simu mkononi, wewe ni mtu wa kuogopwa.

Kuhusu picha: majengo ya serikali, ya ulinzi na ya reli usiyapige bila ruhusa. Nyumba ya mtu nayo ina mwenyewe, bisha hodi. Mkiwa kundi la watu zaidi ya watatu, pitia kwanza ofisi ya serikali ya mtaa, umweleze mwenyekiti au mtendaji mnafanya nini. Watu wa mitaa ya zamani wakiona kundi lenye madaftari linatazama kuta zao, wanachowaza ni kupimwa, kubomolewa au kudaiwa. Wana sababu.

Stesheni

Mji huu umefanywa upya mara nne, na mbili za kwanza zinaonekana ukisimama karibu na reli.

Ya kwanza ni Wajerumani. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, na kituo chao hapa kikawa ndicho mbegu ya mji. Kabla ya hapo palikuwa na Wagogo, na ng'ombe wao, tembe zao na jina lao. Wazee husimulia kuwa ndovu alikwenda kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu akazama topeni, watu wakasema "idodomya", pamezama. Wewe ukilitaja jina la mji, unasema neno la Kigogo. Basi anza matembezi kwa salamu yao: mtu mmoja mwambie "mbukwa", wakiwa wengi "mbukwenyi". Utaona nyuso zinavyobadilika.

Simama kwenye jukwaa (omba ruhusa kwanza) utazame njia yenyewe. Reli ya zamani ina upana wa mita 1 kamili kati ya chuma na chuma. Ile ya umeme, iliyozinduliwa rasmi hapa Dodoma tarehe 1 Agosti 2024, ina mita 1.435. Baba alikuwa wa genge, kazi yake kukaza boliti na kubadilisha mataruma. Alituambia upana wa reli ni hatua moja ya mtu mzima asiye na haraka, na mimi nikiwa mtoto nilikuwa napima vyumba vya kota yetu kwa hatua za baba: chumba hatua tatu, jiko hatua mbili. Jaribu hivyo hivyo. Matembezi haya yanataka kipimo kilicho mwilini mwako, kwa sababu baadaye utahitaji kujua kichochoro ni chembamba kiasi gani bila kutoa futi.

Vuka upande wa pili kwenye kivuko halali. Mtaa wa huko unaitwa Tambukareli, na jina limejieleza: tambuka reli. Upande huo wakoloni waliweka Uzunguni. Wahindi wafanya biashara wakawekwa upande wa maduka, ndiyo Uhindini, na Waafrika wakawa pembeni zaidi, Majengo na jirani zake. Rangi ya mtu ndiyo iliyoamua alale wapi. Hiyo ndiyo ramani ya pili ya mji, ya enzi ya ukoloni mpaka wa Waingereza. Usinisadiki kwa mdomo, hesabu hatua. Uzunguni hesabu kutoka geti hadi geti. Kisha uje uhesabu Majengo kutoka mlango hadi mlango. Mimi nimewahi kufanya hivyo na darasa la sita, watoto 40, na hakuna somo la uraia lililowaingia kama lile.

Uhindini

Hapa pita polepole na utazame juu. Chini kumebadilika: vioo, mabango, vibanda vya miamala. Juu ya mabango hayo, kwenye kipaji cha ukuta wa duka la zamani, wakati mwingine utakuta mwaka umechorwa kwa saruji, au jina la ukoo. Andika. Mitaa mingine ya huku inaitwa kwa namba tu, Barabara ya Sita, ya Saba, ya Tisa, na Jamatini limetokana na jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia. Mwaka 2022 zoezi la anwani za makazi lilileta vibao vipya vya majina kila kona. Kazi yako iwe hii: chini ya kila kibao, muulize mtu mmoja "ninyi hapa mnapaitaje?" Majibu yakitofautiana na kibao, umepata historia.

Jambo moja wageni hawalijui. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba nyingi za kupangisha nchi nzima, zikawa chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye zikaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Familia iliyojenga ghorofa ikajikuta mpangaji wa ghorofa hilo, au ikaondoka. Ukiona ghorofa la zamani la Kihindi lenye milango mingi midogo kuelekea uani, kila mlango na mita yake ya umeme, jiulize nani alijenga, nani alipanga baadaye, nani anaishi sasa.

Majengo

Hapa ndipo nakaa sana, nawe ukae. Pita sokoni kwanza, ule kitu. Kisha ingia vichochoroni, na anza kutafuta kuta mbili.

Nitaeleza. Nyumba nyingi za Majengo hazikubomolewa ndipo zikajengwa upya, maana familia ingelala wapi? Mtu alijenga nyumba ya tofali za saruji kuizunguka nyumba ya udongo, watu wakiwa ndani. Ukuta mpya ukipanda, wa zamani unabaki, mpaka mpya ufike usawa wa lenta. Hapo ndipo ya ndani inavunjwa. Mzee mmoja wa huko, fundi cherehani aliyestaafu, alinikaribisha uani kwake akanionyesha. Walitoa udongo kwa ndoo kupitia mlango wa mbele kwa siku tisa, na usiku wote walilala humo humo, kati ya ukuta na ukuta. Chumba kimoja cha nyuma alikataa kukivunja. Kuta zake bado ni za udongo na miti, na ukisogea utaona vipande vya nyasi vimeng'ata ndani, na karibu na mlango, kimo cha kiuno, alama za vidole vinne vya mtu aliyekuwa akisiliba. Ni vidole vya mkewe. Alisiliba ukuta ule akiwa mjamzito, na akazalia humo.

Kama ungepita barabarani kwa gari ungeona nyumba ya bati jipya la bluu na dirisha la alumini.

Dalili za kuta mbili ni hizi: kizingiti cha mlango kilicho chini kuliko sakafu ya jirani, ukuta wa pembeni ulio mnene kupita kawaida, dirisha lililozibwa linalotazama ukuta. Usiguse. Bisha hodi, amkia vizuri, useme unajifunza mji, uulize kama kuna chochote cha zamani kilichobaki. Wengine watakukatalia, nawe shukuru uende zako. Wengi watakuletea kiti.

Kwenye barabara kubwa utakuta pia X nyekundu ukutani. Hiyo ni alama ya kuwa nyumba imo ndani ya hifadhi ya barabara au mradi. Itazame rangi yake: imepauka au mbichi? Imepakwa chokaa juu ikajitokeza tena? Kuna familia zimeishi na X miaka mingi, hawapaki rangi, hawaongezi chumba, hawajui. Ukizungumza nao usiulize "mtalipwa kiasi gani". Uliza mti ule uani walipanda lini.

Namna ya kuuliza

Hili limenichukua miaka kujifunza. Wazee usiwaulize mwaka. Ukimwuliza bibi "soko lilihama mwaka gani" atakutajia mwaka wowote ili akuridhishe. Mwulize kwa mambo aliyoyabeba: alikuwa na mtoto yupi mgongoni, maji walikuwa wanachota wapi, nani alikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Halafu pachika kwenye matukio unayoyajua wewe. Uhamisho wa makao makuu ulipotangazwa, 1973. Vita vya Kagera, 1978 na 1979. Kifo cha Sokoine, Aprili 1984, alipokuwa akitoka hapa Dodoma kurudi Dar es Salaam: hakuna mzee wa mji huu asiyekumbuka alikuwa amesimama wapi habari zilipofika. Ajali ya treni ya Juni 2002. Ukisema "ilikuwa kabla ya Sokoine au baada?" utapata jibu ambalo unaweza kuliandika.

Na uliza wawili. Mwanamume atakueleza viwanja, mwanamke atakueleza maji. Ukiyaweka pamoja ndipo utajua kwa nini watu walikubali au walikataa kuhama.

Mitaa ya herufi

Siku ya pili nenda Area C, au Area A, au Area D. Majina haya ya herufi yametoka kwenye karatasi za wapangaji, na hayana babu. Hii ni mara ya tatu ya mji kufanywa upya. Baada ya TANU kuamua mwaka 1973 makao makuu yahamie hapa, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wote tunaijua kwa CDA, na mpango mkuu wa mwaka 1976 ukachorwa na kampuni ya Toronto, Project Planning Associates. Wazo lao, likifuata la Mwalimu Nyerere, lilikuwa mji usio wa fahari: vitongoji vyenye shule na soko karibu, watu watembee kwa miguu, waendeshe baiskeli, wapande basi. Nalipenda wazo hilo mpaka leo. Utembee nalo kichwani: kutoka nyumba yoyote ya Area C, hesabu dakika hadi shule ya karibu, kisha hadi dukani, na uangalie kama njia ya waenda kwa miguu ipo bado au imeshakuwa maegesho na ukuta wa mtu.

Kitu cha kutafuta huku ni bikoni, lile jiwe la saruji la mpaka wa kiwanja. CDA ndiyo iliyokuwa mwenye ardhi, wakazi wakapewa hati za miaka 33, na bikoni ndiyo iliyokuambia unaishia wapi. Mwaka 2017, mwezi wa Mei, Rais Magufuli aliivunja mamlaka hiyo, kazi zake zikaenda halmashauri, na hati zikaelekezwa kuwa za miaka 99. Ukitaka kujua uzito wa jambo hilo, muulize yeyote aliyejenga kwa mkopo akiwa na hati ya miaka 33.

Chang'ombe ni kinyume chake: nyumba zilitangulia, vipimo vikafuata, wapimaji wakapita katikati ya nyua za watu. Kuna ua mmoja nimeuzoea huko. Bikoni imeangukia mbele ya mlango wa jiko, na kina mama wa nyumba hiyo wameigeuza kinoo. Juu yake pamechimbika mfereji laini unaong'aa, upana wa kidole gumba, wa kunoa visu miaka yote hiyo, na namba iliyochorwa pembeni imebaki nusu. Nawapeleka hapo majirani zangu wapya wote. Huwa siwaambii kitu, nawaacha wachuchumae waitazame.

Tazama na mitaro pia. Lami na mitaro mikubwa ya mawe katika baadhi ya mitaa vililetwa miaka ya 2010 na mradi wa miji ya kimkakati, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Fuata mtaro mmoja hadi unapoishia. Pale unapokatika ghafla, lami nayo ikawa udongo, ndipo mpaka wa mradi ulipokuwa, na watu wa pande mbili hizo wana hadithi tofauti kabisa za jambo moja.

Mtumba, Mji wa Serikali, ndiyo mara ya nne. Panda daladala uende, lakini nenda mwisho, baada ya yote haya. Dodoma ilipata hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika halmashauri yetu, na ya 2022 ikahesabu 765,179. Ukisimama Mtumba na tarakimu hizo, huku bado una udongo wa Majengo kwenye viatu, utaelewa nyumba zote zile zinazopanda zinampandia nani.

Ukirudi nyumbani

Andika siku hiyo hiyo, kabla ya kulala. Kila kitu kiwe na mahali na aliyekuambia, lakini jina la mtu lisitoke nje ya daftari lako bila idhini yake. Picha zichapishe kwenye karatasi. Usimtumie mzee kwenye simu ya mjukuu wake, mjukuu atasafiri nayo. Chapisha, umrudishie mkononi. Bila hilo umechukua tu.

Yule fundi wa Majengo nilimpelekea picha ya ukuta wa chumba cha nyuma, mkewe amesimama kando ya alama za vidole vyake. Aliishika kwa muda mrefu, akaisogeza mwangani, akaanza kuhesabu milango iliyoonekana nyuma yake uani: huu ulikuwa wa mpiga chapa, huu wa mama muuza uji aliyerudi Kondoa, huu wa kijana wa reli. Kisha akaweka kidole kwenye wa mwisho, upande wa kushoto, akaniuliza, "Na huu, Mwalimu, umeandika ulikuwa wa nani?" Sikuwa nimeandika. Nikakaa chini, nikafungua daftari.